Hitilafu ya Kumi

Jumatatu, 10 Juni 2024. Tlawi. Ukungu mzito, baridi ya kuuma vidole.
Nimebakiza hitilafu moja. Moja! Zizi ni programu huria ya kuhesabu mifugo: yeyote anaitumia bure, yeyote anaripoti kasoro zake. Wa kwanza kufikisha ripoti kumi, jina lake linaingia ukurasa wa wachangiaji. Mimi tisa. Wolfgang wa Endagikot tisa. Ameniandikia nisihangaike, dada, nirudi kukamua.

Jumanne, 11 Juni. Ukungu tena.
Nimeipata! Ng'ombe akipelekwa kutunzwa kwa rafiki, kama desturi yetu, Zizi inamhesabu kule na huku. Ushahidi? Simu ya Baba Mdogo Akonaay ilikuwa inachajiwa kwetu. Nikapiga picha orodha yake ya ng'ombe ndani ya Zizi, nikaituma saa nne asubuhi. Kumi!
Saa tano nikakumbuka. Ripoti zinasomwa na dunia nzima. Picha inaonyesha ng'ombe ishirini na mmoja, majina yao na maboma walikofichwa. Baba Mdogo amewaapia mashemeji kwamba ana watatu tu. Jumamosi wanakuja kuomba dume la harusi. Na Wolfgang ni mtoto wa shemeji mkubwa!

Jumatano, 12 Juni. Upepo.
Nimeifuta picha. Bure. Historia ya mabadiliko ya ripoti inatunza kila kitu, hata kilichofutwa. Nikatuma ripoti sita za uongo ili niizike. Hadiya, msimamizi wa Zizi aliyeko Katesh, amezifunga zote na kuniuliza kama naumwa. Kisha akaibandika ile ya kumi juu kabisa, mfano wa ripoti bora. Wolfgang ameuliza mbele ya wote huyo Madoa wa Dongobesh ni ng'ombe wa nani.

Alhamisi, 13 Juni. Jua kidogo.
Baba Mdogo amekuja. Shikamoo mbili, hakuitikia hata moja. Nikamwonyesha ripoti yenyewe inavyosema: Zizi inazidisha ng'ombe! Akacheka hadi kofia ikaanguka. Atawaambia mashemeji programu ina wazimu, watatu imewafanya ishirini na mmoja. Ila hitilafu isiguswe mpaka Jumapili. Nimeapa.

Ijumaa, 14 Juni. Mawingu.
Hadiya ametangaza: atakayeirekebisha, jina lake litakaa juu ya wote. Wolfgang amejibu kwamba ameshaanza.
Ameshaanza!
Nimemaliza kabla yake. Hadiya amekubali. Nimeambatisha picha ya uthibitisho, orodha ile ile: Akonaay, ng'ombe kumi na wawili, kila mmoja mara moja tu. Sasa saa mbili na nusu usiku, nalala kwa amani.