Jedwali la Nyumba Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiandikisha kituo cha polisi, kikundi cha kujitolea kulinda mtaa. Tuko sita. Ijumaa mkuu wa kituo atachagua kiongozi, na kiongozi atavaa fulana ya manjano yenye mistari inayong'aa. Naitaka fulana ile kuliko nilivyoitaka shahada. Mpinzani ni mmoja: fundi cherehani wa pale kona, Mama Sindano. Hana mpango wowote wa maandishi. Anajua watu tu. Shangazi, ninayeishi kwake, kaniomba safari hii niwe na kiasi. Bado hajasahau nilivyoipanga foleni ya bombani kwa herufi za majina.

Jumanne, 4 Machi
Wazo limenijia nikipiga mswaki. Wezi huingia nyumba zisizo na watu. Tukijua nyumba ipi ni tupu saa ngapi, tutajua pa kulinda! Nimepita nyumba arobaini na maswali manne. Mwalimu mstaafu kasema hajaulizwa kitu tangu astaafu. Kanipa chai na ratiba yake yote ya kliniki. Mama Sindano kauliza, macho kwenye mshono, karatasi zile nitazifungia wapi. Wivu.

Jumatano, 5 Machi
Jedwali limekamilika. Saa za nyumba tupu kwa wino mwekundu. Ili kikundi kizima kilione, nimelibandika nje ya duka la mtaani. Limesomwa sana. Vijana wawili nisiowajua wamelipiga picha. Mmoja kaniita dada, kausifu mwandiko. Nimerudi nyumbani mwepesi kama karatasi.

Alhamisi, 6 Machi
Mkuu wa kituo kaniita. Jedwali lilikuwa mezani kwake. Kauliza, kwa upole, kama nimewahi kufanya kazi na wezi. Nikasema hapana. Kasema basi hawajawahi kupata msaidizi mzuri kama mimi.

Kumbe Mama Sindano alilibandua jana jioni akalipeleka kituoni, na leo asubuhi kahamishia cherehani barazani kwa mwalimu. Saa nne kamili, mwalimu akiwa kliniki, wale vijana wawili wakafika na nondo. Wakamkuta anashona pazia. Kawaitikia salamu, kawauliza wao ni watoto wa nani. Walikuwa bado wanatafuta jibu polisi walipotokea.

Saa nne kamili. Jedwali halikukosea hata dakika. Hakuna aliyelitaja hilo.

Ijumaa, 7 Machi
Fulana kapewa Mama Sindano. Inambana, ataiongeza mwenyewe mbavuni. Nilidhani nitaumia. Wapi. Kanishika mkono mbele ya wote, kasema mwanangu huyu nitakaa naye karibu, nimwone. Nimewekewa kiti kando ya cherehani. Kuna kivuli, na watu wote hupita hapo wakiongea.

Leo watatu wamelalamika kupoteza funguo. Nimegundua wengi huficha ufunguo wa akiba nje: chini ya chungu cha maua, juu ya mlango, ndani ya kiatu kikuukuu. Na hakuna kumbukumbu yoyote iliyoandikwa popote.

Nimeshachora safu. Nakala ishirini zitatosha, kwa kuanzia.