Kwete Haina Kaimu

Serikali iligundua upikaji wa kwete kwa umeme siku ya Jumanne, kwa taarifa iliyopigwa muhuri ndani ya kontena ambalo ni ofisi ya Kurugenzi ya Uchachushaji wa Majumbani, mjini Juba. Ni kweli kwamba Rejoice wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, alikuwa akiipika pombe hiyo ya kimea kwa umeme tangu mwaka uliopita, lakini hakuwa na muhuri. Na tangu lini jambo lisilo na muhuri likatokea?

Mgunduzi rasmi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Mheshimiwa Laku, ambaye mji mzima humwita Mudir. Alikuwa mtu wa kazi hasa. Aliingia ofisini na suti, akatoka ofisini na suti, na kati ya hapo hakuna aliyewahi kumkuta akikosea, maana hakuna aliyewahi kumkuta akifanya lolote.

Ugunduzi ulianza na malalamiko. Majirani wa Rejoice walidai kwamba kila akiwasha kitu chake, televisheni zao hukonyeza. Mudir akavuka daraja kwenda kukagua. Chini ya meza alikuta sufuria refu lenye bomba kwa chini. Ndani yake mlikuwa na koili ya kuchemshia maji iliyotoka kwenye hoteli iliyofungwa mtaani Hai Amarat, kikapu cha kukaangia chipsi kilichobeba kimea, na kidhibiti joto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Kabla ya hapo Rejoice alipikia makaa, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima.

"Hii mimi nilibuni mwenyewe," Rejoice alijitapa, maana unyenyekevu hakujaliwa. "Kampala nzima mafi, hakuna kitu kama hii. Onja, Mudir."

Alitangulia kunywa yeye, kama ada inavyotaka: aliyepika huanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu iliyotiwa. Kisha akampa Mudir kibuyu. Mudir alionja kitaalamu. Akaonja tena ili kuondoa shaka. Kwete ilikuwa tamu kiasi kwamba aliona si vizuri ibaki mikononi mwa mtu mmoja.

"Mtambo huu unachukuliwa kwa uchunguzi," alitangaza, akijifuta mdomo.

"Utarudisha lini?"

"Mchakato ukikamilika."

"Na watoto yangu watakula mchakato?"

Dereva aliubeba mtambo kwa mkono mmoja, akaondoka nao. Rejoice akarudi kwenye moshi wake. Kila Jumatatu alivuka daraja kuulizia mashine yake, na kila Jumatatu aliambiwa kwamba mchakato umetoka kunywa chai.

Mchakato haukuwa umelala. Kamati ya Uboreshaji ilikuwa ikikutana kwa bidii, na soda zilikuwa zikinyweka. Mjumbe mmoja aliuliza inakuwaje bidhaa ya Taifa itokee chini. Bomba likahamishiwa juu. Ustaz Malith, aliyeshughulikia Usalama na Hadhi, alisikitika kuona moto wa serikali ukikatizwa na kifaa cha vifaranga; kidhibiti joto kikang'olewa. Mudir naye aliona kwamba chombo kile ni kidogo mno kuitwa Mtambo Mdogo wa Taifa, kikaundiwa kasha la mbao lenye ngazi na kiti cha mgeni rasmi. Sasa kilihitaji lori.

Waziri alikubali kuja kuuzindua. Aliahidi kwamba ukishazinduliwa utakuwa mali ya Taifa moja kwa moja, na mbunifu wake atakabidhiwa taasisi yenye gari. Mudir alikwisha kuchagua rangi ya gari.

Siku ya uzinduzi Gumbo ilifunikwa kwa mahema. Palikuwa na jenereta ya mtambo na jenereta ya hotuba, na ya hotuba ndiyo ilikuwa kubwa. Rejoice alisimama nyuma, mikono kifuani, na jerikani lake la kwete ya makaa miguuni. Alijua kwamba utepe ukikatwa tu, mashine yake ndiyo basi tena.

"Mtambo huu nimeubuni kwa akili hii!" Mudir alinguruma. "Na kwete ya leo nimeipika kwa mikono hii!"

Makofi yakapigwa. Kwa kuwa bomba lilikuwa juu, Ustaz Malith alipanda ngazi akachota kwa kikombe. Kilichopatikana kilikuwa kizito, cha kijivu, na kilinukia chungu kilichoungua. Mama Agum, mkubwa wa akina mama wa Gumbo, alikipokea ndani ya kibuyu akakitazama kwa muda.

"Nani alipika hii?"

"Mimi!" Mudir alijibu kwenye kipaza sauti.

"Tamam. Kunywa kwanza."

Mudir alichungulia ndani ya kibuyu. Alilelewa ukimbizini, upande wa Uganda, na bibi aliyepika kwete. Alijua vizuri kwamba mpishi anayekataa kibuyu chake mwenyewe ametia kitu. Walinzi wa Waziri nao walijua, na mmoja wao akasogea karibu. Mudir aliogopa, wala si kidogo. Lakini kiongozi hakosi njia.

"Namteua Ustaz Malith kuwa Kaimu Mnywaji, kuanzia sasa."

Ustaz Malith alisema yuko likizo.

"Kwete haina kaimu," Mama Agum alisema. "Kunywa, ama sema ukweli."

"Ndugu wananchi," Mudir alisema, jasho likimtiririka, "kwa masilahi ya uwazi, mtambo huu ni wa Rejoice. Aliubuni yeye. Mimi nilikuwa mlezi tu."

Rejoice alikuwa ameshafika mbele. "Sema tena."

"Ni wa Rejoice."

"Waziri amesikia?"

Waziri, ambaye muda wote alikuwa akikitazama kibuyu kwa hofu, alisema amesikia, na kwamba mali ya mtu ni ya mtu. Rejoice akapanda ngazi, akamwaga ule uji wa kijivu, akatoa sufuria lake, koili yake na kikapu chake. Alipodai kidhibiti joto, Ustaz Malith, ambaye siku hizi alikuwa anafuga kuku, aliahidi kukileta jioni.

Mudir akashusha pumzi. "Basi mwenyewe amepatikana. Kunywa, dada."

"Mashine iko yangu," Rejoice alisema. "Hii uji iko ya kamati. Kimea inataka joto ya kunyonyoa kuku, nyinyi mlichemsha kama maharagwe. Ulisema mikono yako, Mudir. Kwa maik."

Mama Agum hakuwa ameshusha kibuyu. Mudir akanywa. Kisha kamati nzima ikanywa kwa kufuata vyeo, kwa kuwa maamuzi yalikuwa ya pamoja. Rejoice alifungua jerikani lake, akatangulia kunywa, akawamiminia watu. Waziri alionja, akaomba tena ili kuondoa shaka.

Jioni mashine ilirudi nyumbani kwa bodaboda, mapajani mwa mwenyewe. Lori nalo lilirudi mjini na kasha tupu, likitanguliwa na king'ora, kwani msafara ulikwisha kuidhinishwa. Polisi wa darajani walilipigia saluti. Mudir, aliyeketi mbele, aliitikia kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umeshika tumbo.