Mke Wangu Anaokoa Maji. Nani Ataniokoa Mimi?

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu aliyefukuzwa kwenye bustani yake mwenyewe. Mimi ni mkuu wa kitengo cha elimu ya kuhifadhi maji katika idara ya maji ya mji huu. Kwa miaka kumi na tisa nimeandika mabango ya kuwaasa wananchi watumie maji kwa adabu. Leo namlalamikia mke wangu, ambaye ameyasoma.

1. Nilikwenda semina ya ukame siku nne. Kurudi, nikakuta mama watoto ameng'oa ukoka wangu wote! Ukoka niliokuwa nikiumwagilia asubuhi na jioni kwa mpira, nimevaa singleti, wapita njia wakisema, "Mzee, bustani imekubali!" Sasa pamejaa kokoto, mishubiri na majani makavu aliyoyatandaza eti udongo usikauke. Nilisimama juu ya kokoto siku tatu. Hakuna aliyenisalimu.

2. Amechimba mifereji inayopindapinda ili maji ya mvua yatembee polepole yazame ardhini. Maji yakikawia, anafurahi. Mimi nikikawia nusu saa, naulizwa nilikuwa wapi.

3. Maji ya kuogea yamewekewa bomba la kwenda kwenye migomba na mpapai. Nikioga, anagonga mlango: "Baba, punguza sabuni, leo zamu ya mpapai!" Nikamuuliza, "Mke wangu, kwani mimi naoga au namwagilia?" Akajibu, "Yote mawili, ila hilo la kwanza halina haraka."

4. Msoma mita wetu alikuja, akaigonga mita mara tatu, akaandika kwamba imekufa. Haijafa, haina kazi! Tena kila Jumamosi majirani kumi na wawili huja kujifunza kwa mke wangu. Kwenye semina zangu huja watatu, na wawili hufuata chai. Watu wote wakiacha kupoteza maji, mimi nitamwelimisha nani? Kitengo changu kina meza sita, na zote zinakula kwa jasho la wabadhirifu.

5. Kwa hiyo naomba itungwe sheria. Kila nyumba iwe na ukoka, umwagiliwe saa sita mchana, jua likiwa utosini. Anayetandaza majani awe na kibali. Na lile bomba lililopasuka mbele ya ofisi yetu tangu mwaka jana lisiguswe, maana ndilo mfano pekee wa kufundishia tulionao.

Nisalimie wapiga chapa wote, na mfagizi wenu umwambie asimwage ovyo maji ya deki. Mke wangu akisikia, atayafuata.

Wako mwenye kiu ya haki,
Mkuu wa Kitengo

N.B. Barua ilikwishaingia kwenye bahasha, mara Mkurugenzi wangu akafika na wageni. Mgao wa maji umefika siku ya tisa, na mtaa mzima kwetu tu ndiko kwenye kijani. Akauliza, "Nani amebuni haya?" Mke wangu alikuwa ndani. Ndugu Mhariri, ulimi hauna mfupa. Tafadhali usichape hayo ya juu. Chapa picha hii, nimeshika jembe, na chini yake uandike: "Mbunifu." Aliyeipiga ni mke wangu. Anasema hana kinyongo, ila kuanzia Jumamosi mbunifu atawachimbia mifereji majirani wote kumi na wawili.