Tanuri Alilochagua LaVonne

Jumatatu, 13 Januari

Mke wangu Ardis aliniambia niandike kila siku nilichokula, asipate wasiwasi kule hospitalini. Nimekula mayai. Basi, hayo yamekwisha. Sasa mambo ya maana.

Baridi kali. Theluji imeganda mpaka inalia chini ya buti. Ardis anarudi Jumamosi na nyonga yake mpya, na atakuja na muuguzi wa kukagua nyumba. LaVonne, binti yetu, kapiga simu kutoka kwake mjini Fargo. Kasema muuguzi akikuta nyumba ya baridi, mama habaki, anakwenda kukaa kwake. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema baba, tutaona. Nawajua watu waliokwenda Fargo kwa ajili ya nyonga. Hakuna aliyerudi. Nyumba zao sasa wanakaa njiwa.

Nyumba itakuwa na joto. Mimi ndiye niliyeipasha moto tangu LaVonne hajazaliwa. Nilikuwa na tanuri la kweli huko kwenye chumba cha chini ya nyumba, kubwa kama fahali, mikono yake ya bati imetambaa dari nzima. Ukilitia makaa linanguruma, unajua liko kazini. LaVonne kaling'oa baada ya mavuno bila kuniuliza. Yaani aliniuliza, nikakataa, akaling'oa. Mimi nilitaka jiko kubwa la kuni. Yeye kaleta hili la gesi, jeupe, jembamba, kama kabati la shuka. Halina hata dohani ya kutokea paani. Limetoa mabomba mawili ya plastiki ubavuni mwa nyumba, karibu na ardhi, kama ya sinki. Moshi wenye heshima zake hupanda juu.

Leo nimefanya alichofanya baba na babu kila mwaka. Nimeizungushia nyumba marobota ya nyasi kavu upande wa upepo, mpaka usawa wa madirisha. Kwa kawaida tunayapanga kabla ya theluji, ila safari hii Ardis alianguka na kazi zote zikasimama. Yale mabomba mabaya nayo nimeyafunika. Nyumba imependeza. Upepo sasa ukapige hodi kwa jirani.

Jumanne, 14 Januari

Nimekula mkate. Tanuri limekufa.

Nimeamka pumzi inaonekana. Nikashuka chini. Kabati la shuka kimya, kale kataa kake kadogo kekundu kananikonyeza. Kanakonyeza, kanapumzika, kanakonyeza tena. Mlangoni kuna karatasi ya kueleza kila mkonyezo, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Miwani yangu iko kwenye mkoba wa Ardis, mkoba uko hospitalini. Hata hivyo, fundi wa kweli hasomi. Anasikiliza.

Nimesikiliza. Halisemi kitu.

Jirani Milo Kadrmas kaja kuomba spana, kanikuta na koti na kofia ndani ya nyumba. Milo ni Mcheki, na hao hawawezi kupita mlango uliofungwa. Kaniambia Orvin, ita fundi. Nikamwambia fundi ndiye huyu unayemwona. Akasema we mzee, kitu cha mwisho ulichotengeneza ni redio, na tangu siku hiyo inashika Kanada tu. Nikamwambia Kanada wana taarifa nzuri sana ya hali ya hewa. Akaenda zake bila spana.

Fundi siwezi kumwita. Fundi wa hapa mjini ni binamu wa mume wa LaVonne. Nikimpigia saa nne, saa tano Fargo wanajua, na kabla ya jioni Ardis katandikiwa kitanda huko.

Nimechomoa kile kichujio cha hewa, kimejaa vumbi. Nimekiosha kwa sabuni, nikakianika nje. Kimeganda, kigumu kama ubao wa kanisa. Nimekirudisha kwa kukigonga. Tanuri bado.

Jumatano, 15 Januari

Nimekula viazi, na viazi vina habari yake.

Ukutani sebuleni LaVonne kabandika kidude cha kupima joto. Nilidhani ni cha kupima tu. Kumbe kinamchongea mtu! Kinampelekea habari kwenye simu yake, yuko jikoni kwake Fargo anaona joto la nyumba yangu. Kapiga simu asubuhi. Baba, mbona inaonyesha arobaini, na nyumba inatakiwa kuwa sabini? Nikamwambia nilifungua mlango nipigwe na hewa safi. Akauliza, hewa safi ya Januari? Nikamwambia mapafu yangu ni ya kiume. Akasema ikiwa hivyo tena kesho, anakuja mwenyewe.

Nimekaa nikafikiri. Akili hii haikupitia shule nyingi, lakini hailali. Nikachemsha kiazi kikubwa, nikakitia ndani ya soksi, nikakifunga juu ya kidude. Nikakaa na kahawa yangu, nimefurahi.

Simu ikalia. LaVonne analia. Baba toka nje, nyumba inaungua! Kidude kilikuwa kimemwambia tisini na tisa. Alikuwa amekwishawaita zimamoto. Wakaja, wale vijana wa kujitolea, gari zima na king'ora, wakanikuta na kofia mbili kichwani, kwenye nyumba ambayo maji ya mbwa wetu karibu na mlango yameganda. Nikawaambia LaVonne ana mawazo mengi. Mkubwa wao akanusa, akasema mzee, nasikia harufu ya kiazi. Nikawapa kahawa. Kiazi nimekila na siagi.

Alhamisi, 16 Januari

Nimekula kilichobaki. Usiku baridi ilishuka zaidi. Bomba la maji la bafuni limeganda, nimeliyeyusha kwa kikausha nywele cha Ardis mpaka kikatoa moshi. Nitamnunulia kingine. Hana haja ya kujua cha zamani kilikufaje.

Milo kaleta hita mbili za umeme. Nikazikataa. Akaziacha mlangoni, akasema basi ni za mbwa. Mbwa kanitazama. Nimeziingiza ndani zisiharibiwe na theluji. Moja nimeiweka bafuni. Ya pili nimeielekeza kwenye kidude cha ukutani kwa mbali, kwa busara, mpaka kikasema sitini na nane. LaVonne kapiga simu, kasema afadhali. Kwa hiyo ukuta una joto. Mimi sina.

Ardis naye kapiga. Kasema anafanya mazoezi ya kutembea kwenye korido. Kauliza kama nyumba iko sawa. Nikasema iko sawa. Akasema Orvin, sauti yako inatetemeka. Nikamwambia ni simu.

Nimekaa chini na tanuri kwa muda mrefu. Kuna kiti cha Ardis sebuleni, karibu na tundu la hewa ya moto, ambapo huwa anaweka miguu. Nimepita pale mara nyingi leo. Hakitoki kitu kwenye lile tundu.

Ijumaa, 17 Januari

Andika kwa herufi kubwa: NIMELITENGENEZA.

Nilishuka asubuhi na nyundo ya baba. Nikazima swichi, nikawasha. Kataa kakakonyeza. Nikaligonga ubavuni. Nikazima, nikawasha, nikaligonga juu kidogo. Huko juu nikawa nasikia vishindo, nikadhani ni barafu inadondoka kutoka paani. Nikaendelea. Mara kile kidirisha kidogo cha chini, nilichokiziba kwa marobota, kikaingia mwanga, na katikati ya mwanga pua ya ng'ombe. Inatafuna.

Mitamba wa Milo! Walikuwa wamevuka uzio, theluji imejaa mpaka juu ya waya, wanaitembelea kama barabara. Walikuwa wamejipanga ubavuni mwa nyumba yangu kama watu kwenye karamu, wanakula ukuta wangu wa nyasi. Kwa hasira nikalipiga tanuri pigo moja la mwisho upande wa kushoto, nikawasha swichi, nikakimbilia ngazi.

Na nyuma yangu likawaka.

Nikasimama kwenye ngazi nikalisikiliza. Likavuta pumzi, likapuliza. Joto likapanda mpaka kwenye kiti cha Ardis. Siku zote hizi lilikuwa linangoja pigo la kutokea kushoto. Kitu kama hicho hakiandikwi kwenye karatasi yoyote.

Milo alipokuja kuwaswaga mitamba wake nikamwingiza ndani apate joto mpaka avue koti mwenyewe. Nikamweleza kuhusu nyundo. Akauliza liliwaka lini hasa. Nikamwambia wakati ng'ombe zako wanamaliza nyasi zangu. Akatazama nje dirishani, akanitazama, akafungua kinywa. Nikamwambia sitaki udhuru, nataka nyasi. Akafunga kinywa, akasema sawa mzee, utaletewa nyasi. Alikuwa anachekacheka njia nzima. Aibu huwafanya watu hivyo.

Jumamosi, 18 Januari

Sijala. 

Milo kaleta marobota mapya alfajiri. Kasema, Orvin, acha nafasi kidogo pale kwenye mabomba. Nikamwambia huku kwetu ukuta hauachwi mwanya. Nimeyapanga vizuri kuliko mwanzo, nimeyashindilia theluji juu.

LaVonne kamleta Ardis saa tano, na muuguzi nyuma yao. Ardis kashuka kwenye gari na kigari chake cha kutembelea, mdogo kuliko alivyoondoka. Nikamshika kiwiko. Nikamketisha kwenye kiti chake. Nikamwambia weka miguu hapo.

Akaweka. Akasema, hapa hapatoki kitu.

Muuguzi akatoa kipimo chake mfukoni, akakiweka mezani. Sote tukakitazama. Kilikuwa kinashuka. LaVonne akanishika bega, akasema kwa upole, baba, umejitahidi, acha nikamchukulie mama nguo nyingine za kwenda nazo kwangu. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko ugomvi. Nikashuka chini na nyundo. Nikapiga kushoto. Nikapiga kushoto tena. Kataa kananikonyeza tu. Huko juu nasikia kabati la nguo linafunguliwa. Nikapiga mpaka bati likabonyea, na sijui nilikuwa nasema nini, ila Ardis alinisikia kupitia lile tundu la hewa, kwa sababu alijibu kupitia hapo hapo. Orvin, panda juu.

Nikapanda. Alikuwa ameshasimama dirishani na kigari chake, anatazama ubavuni mwa nyumba. Akaniuliza, yale mabomba ya tanuri yako wapi? Nikasema yamo ndani ya marobota, yalikuwa mabaya. Akauliza, Orvin, wewe nikikuziba pua na mdomo utafanya kazi? Muuguzi akakohoa. LaVonne akatoka chumbani, akakaa na nguo za mama yake mapajani.

Nikatoka nje bila kofia. Nimeyavuta yale marobota kwa mikono, theluji ikaniingia mpaka kwenye mikono ya shati. Nilipoingia ndani, Ardis alikuwa amemtuma LaVonne chini akazime swichi na kuiwasha. Tukangoja. Sijapata kungoja hivyo tangu LaVonne alipokuwa anazaliwa.

Likawaka.

Mimi naona ni mapigo yangu, yalichelewa kufika. Sikusema, kwa kuwa Ardis alikuwa ameweka miguu kwenye tundu na amefumba macho. Muuguzi kangoja mpaka kipimo kikapanda, kaandika kwamba Ardis anaweza kubaki. LaVonne kasema mama anabaki kwa sharti moja, na Ardis kalitaja yeye: nisiliguse tena tanuri hili maisha yangu yote. Nikaapa mbele ya muuguzi, mkono juu.

Jumapili, 26 Januari

Nimekula lefse mbili, zile chapati nyembamba za viazi, na siagi na sukari, kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kanisa. Ardis alitembea kutoka kwenye gari mpaka kwenye benchi bila kusaidiwa. Watu wote walitazama. Nami nilitembea karibu yake.

Baada ya hesabu na maombi, mchungaji akasema tanuri la kanisa lina kikohozi, na mzee aliyekuwa analiangalia kahamia Arizona. Akauliza nani atajitolea kulisimamia mpaka masika. Watu wazima mia wakaanza kuchunguza vikombe vyao vya kahawa. Milo ni Mkatoliki, kwa hiyo hakuwapo kusema neno la kijinga.

Nikasimama. Nikawaambia wanaume wengi hapa wana vyeti, lakini ni nani kati yao aliyelifufua tanuri hivi karibuni?  Nilihisi pindo la koti linavutwa, nikadhani limenasa kwenye kiti. Nimepitishwa bila kupingwa.

Kwenye gari Ardis akaniambia, Orvin, uliapa. Nikamwambia niliapa la nyumbani. La kanisani halikutajwa, muuguzi ni shahidi. 

Kesho naanza. La kanisa ni kubwa, lina pande nyingi za kugonga. Na lina tundu moja ukutani linalotoa hewa nzuri ya moto nje bure, mchana na usiku. Sijui nani aliwaza upotevu huo. Nitaliziba kwanza.

Sasa hivi Ardis yuko kwenye simu na mchungaji. Namsikia anamuuliza kama bima ya moto ya kanisa imelipiwa. Nyonga mpya, hata wiki mbili nyumbani hajamaliza, na tayari anawaza mambo ya kanisa. Ndiyo maana sikutaka waniondolee mke huyu.