Mjukuu Wangu Hawezi Kuongoza Msafara

Isevya, Tabora
Juni 1971

Kwa Meneja, Duka la Ushirika

Ndugu Ghalibu,

Nakuandikia kwa heshima zote za ofisi yako, ingawa mtaani wewe ni mwanangu, na shikamoo yangu hujaileta tangu Idi.

Binti yangu Batuli anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam pamoja na mjukuu wangu wa kwanza, Mwanamkuu, mwenye miezi minne. Ameniagiza nichague kigari cha mtoto dukani kwako, eti kiuno changu ni kibovu, nisije nikambeba. Nimeviona vyote viwili, chekundu na cha buluu. Navikataa kwa sababu hizi:

1. Sisi ni ukoo wa wapagazi. Babu yangu alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akarudi na majora ya vitambaa. Leo mimi nishindwe na mtoto asiye na jino hata moja?

2. Katika msafara, anayetangulia ni kirangozi, mtu mzima anayejua njia, visima na maficho ya wezi. Kigari chekundu kinamtanguliza Mwanamkuu, ambaye hata titi la mama yake hulitafuta kwa kupapasa. Cha buluu kinamgeuza anitazame mimi msukumaji. Huyo sasa ni kirangozi anayekwenda kinyumenyume! Msafara gani ulifika hivyo?

3. Mchanga wa Isevya unaujua. Magurudumu yakizama itabidi niite majirani wanikwamue, na Balozi wetu wa nyumba kumi akiona watu wamekusanyika, ataanzisha mkutano.

4. Siasa yetu inakataza mtu kustarehe kwa jasho la mwenzake. Hapa mmoja amelala kivulini, mwingine anasukuma juani. Tukimzoesha hivyo, akifika umri wa kwenda shule atadai dereva.

Kwa hiyo naomba vigari vyote virudishwe vilikotoka kabla treni haijafika. Na nikwambie ukweli, mwanangu: mzigo huu nimeusubiri miaka mingi. Nina wivu. Sitaki chuma kininyang'anye mjukuu.

Nisalimie wote hapo dukani, pamoja na yule mwenye mkono wa birika anayepima sukari. Mama Batuli anawasalimu pia, ila hajui kama nimeandika.

Wako katika kulijenga taifa,
Mzee Twalibu Shomari

Nyongeza: Treni imefika barua ikiwa bado mfukoni. Nilimbeba Mwanamkuu kutoka stesheni, lakini tulipofika sokoni kiuno kiligoma, nikaketi chini palepale. Vijana wa mkokoteni wakatupakia wote wawili, yeye mapajani mwangu, tukapita mjini tukipunga mikono. Alicheka njia nzima. Mimi pia. Tafadhali niwekee kile cha buluu. Na kama kipo kipana zaidi, cha kututosha sote wawili, usimuuzie mtu mwingine.