Nilivyoingia na Baiskeli Bafuni kwa Baba Mkwe

Leo sina pa kuuweka uso, ndugu zangu wa Lukafu. Nawaandikia mwenyewe, upesi, jioni hii hii, maana lori la mahindi linarudi huko kwenu kesho na dereva wake anakaa hapa Kamalondo. Mkisikia kwake, ataongeza chumvi. Na kisa chenyewe hakihitaji chumvi hata chembe!

Mnajua kwamba nilinunua baiskeli. (Niliwaandikia barua mbili juu yake, na katika ya pili nilisahau kuwauliza hali zenu. Mnisamehe.) Niliinunua mjini, katika lile duka kubwa la Wazungu linalouza kila kitu, kuanzia sufuria hadi kofia za mabibi. Sisi hatuingii ndani. Tunahudumiwa kwenye kidirisha cha pembeni, kwa hiyo baiskeli nzima sikuiona. Niliona gurudumu la mbele na nusu ya usukani. Rangi ya kijani! Nikasema hiyo hiyo. Ilikuwa rahisi kuliko zote, wala haikuficha. Mvua ya kwanza ilifuta jina la kiwanda. Mvua ya pili ilifuta kijani. Kiti kiliinamisha pua kila nilipokikalia, nikawa nafika kazini nimechoka kuliko waliotembea.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kizima: breki. Ilikuwa breki ya miguu. Ukirudisha pedeli nyuma, gurudumu linashika, unasimama. Breki nyingine haikuwapo. Mlishike hilo.

Sasa kuna Albertine. Albertine nampenda, nasema wazi. Baba yake ni mzee wa reli aliyestaafu, mtu wa adabu kali, na alikwisha kuwafukuza wachumba wawili. Wa kwanza alivua kofia akiwa ameshakaa. Wa pili alimaliza nyama kabla ya wazee. Leo Jumapili, saa kumi, ilikuwa zamu yangu. Leo ndiyo angetamka ndiyo au hapana, mbele ya mjomba wangu Stanislas aliyekuwa msemaji wangu. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilichoma hata shati la mteja kwa pasi. (Mimi! Fundi wa pasi wa miaka sita! Madobi wote walisimama kunitazama.)

Nikajiambia, ukweni siendi na baiskeli iliyobabuka. Nikaipaka rangi nyekundu. Nikaitia kengele, taa ya dinamo, na vioo viwili kwenye usukani, cha kushoto cha kuangalia nyuma, cha kulia cha kujiangalia mimi. Bado nikaona kitu kinapungua. Mlio! Baiskeli za makarani, wakiacha kukanyaga, zinalia tiki-tiki-tiki, na wasichana wote wanageuka. Yangu ilikuwa bubu.

Basi jana nikaenda kwa fundi Kabeya, yule Mkasai anayetengeneza baiskeli karibu na soko. Nikamwambia nataka gurudumu la nyuma linalojizungukia lenyewe na kulia, lile wanaloliita rulibre. Kabeya akakuna kidevu.

"Rulibre iko. Lakini we unajua? Rulibre haina frein, ile breki ya miguu. Nikiweka hii, ile ya zamani inaenda yote. Basi tuweke frein ya mukono?"

"Ya mukono itakaa wapi?"

"Hapa, ku guidon." Akagusa usukani penye vioo vyangu. " Tutatoa kiyo moja."

"Kutoa kiyo? Hapana, tata! Weka rulibre. Frein tutaweka siku ingine."

"Na kesho utasimama namna gani?"

"Njia iko plat, haina mulima. Mi nitasimama na viatu."

Kabeya alichukua spana akaanza kazi.

Leo baada ya misa nilivaa suti nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe. Mikunjo ya suruali ingekata mkate! Mjomba Stanislas alinitazama, akaitazama baiskeli, akatikisa kichwa.

"Donatien, twende na miguu. Mukwe anakuya polepole."

"Mujomba, we tangulia. Tutakutana ku kona ya kwao Albertine, saa kumi."

"Ile kinga iko na haraka gani?" (Kinga ndiyo baiskeli, hapa kwetu.)

"Haina haraka, mujomba. Iko na mwendo muzuri tu."

Nilimpita njiani nikapiga kengele. Akavua kofia kunisalimu! Hakunitambua. Hapo ndipo kichwa kilipovimba kabisa.

Nilikuwa na nusu saa nzima, nikaanza kuzunguka Kamalondo. Tiki-tiki-tiki mbele ya mafundi cherehani. Tiki-tiki-tiki mbele ya baa, watu wakashusha bilauri. Nikitaka kusimama, naburuza viatu, nasimama. Safi! Nikawaza: mbona nisipite mara moja tu mbele ya kwao Albertine, ausikie mlio, halafu nirudi kwenye kona kumngoja mjomba?

Ile njia ya kwao ina mteremko. Kamteremko kadogo, kwa miguu hata hukaoni. Kwa rulibre unakaona vizuri sana.

Nilikuwa nimeshashika kasi, mara mlango wa uani kwao ukafunguka na mama yake Albertine akatoka. Beseni la mihogo iliyolowekwa kichwani, macho chini, anakuja katikati ya barabara kunielekea.

Mnajua mila yetu. Mama mkwe hatazamwi. Hamgongani macho, hampishani njiani. Ukimwona anakuja, unaingia majanini hadi apite, mpaka siku ile mtakapotoa zawadi ya kuondoa haya. Mimi zawadi sijatoa. Hata kukubaliwa sijakubaliwa! Mtu anayemkabili mama mkwe uso kwa uso siku ya kwanza, huyo anafukuzwa kabla hata hajavua kofia.

Nikarudisha pedeli nyuma.

Tiki-tiki-tiki-tiki!

Nikarudisha tena kwa nguvu zote. Mlio tu, tena mtamu. Nikashusha viatu. Soli zilikuwa mpya, za ngozi, zikateleza juu ya changarawe bila kushika chochote. Kengele? Kidole kilikuwa tayari juu yake. Lakini nikiipiga, mama atainua macho, na akiinua macho ataniona, na nikionwa nimekwisha. Nikakiondoa kidole. (Ndiyo, ndugu zangu. Sina breki, naelekea kumgonga mtu na beseni lake, na bado nilikuwa nawaza adabu.)

Kushoto palikuwa na mtaro. Kulia palikuwa na kichochoro kati ya nyumba yao na ya jirani. Nikakata kulia, uso nimeugeuzia ukutani kwa heshima.

Kichochoro kilikuwa kifupi. Mwisho wake palisimama ukuta wa matete, umetundikwa suruali, shati na kanda za suruali. Nyuma ya matete mtu alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nene, na maji yanamwagika. Suruali ile niliitambua. Ilikuwa ya reli.

Nilipiga kelele, "Jamaniii!"

Wimbo ukakatika. Matete yakaingia ndani pamoja nami, karai likapinduka, na mimi nikaangukia kifudifudi kwenye tope la sabuni, baiskeli juu yangu, gurudumu la nyuma likiendelea kuzunguka hewani. Tiki. Tiki. Tiki.

Sikuinua kichwa. Niliona miguu miwili tu, yenye povu. Nikafumba macho.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Ni miye, baba. Mukwe."

"Mukwe ya nani?"

"Yenu, baba... kama munakubali."

Povu lilikuwa likidondoka.

"Saa iko ngapi?"

"Saa kumi kasoro robo, baba."

"Tulisema saa kumi!"

Kosa lilikuwa langu, nikakiri huko huko topeni. Nikajaribu kuinuka nikimbie, ikashindikana: mguu wa suruali yangu ulikuwa umeliwa na mnyororo. Nguo za mzee nazo, suruali ilikuwa imejisokota kwenye gurudumu la mbele, na shati nilikuwa nimelilalia.

Mama akawa amefika mbio kwa ule mshindo. Nilisikia beseni likitua chini, nikasikia na majirani nyuma yake. Lakini kusogea hawezi, maana mkwe yuko pale. Mimi kuondoka siwezi. Albertine ni mtoto wa kike, bafuni kwa baba yake haingii. Na mzee hana nguo! Tulikaa hivyo, kila mtu na adabu yake, hakuna wa kumsaidia mwenziwe.

Mama kuongea na mimi pia hawezi. Basi akatugeuzia mgongo, nilisikia sauti yake ikienda upande wa barabara, akasema na baiskeli.

"We kinga! Ambia ule muntu atoke mu bafu ya bwana yangu!"

Nami nikajibu topeni, "We kinga, ambia mama aniwie razi, suruali yangu iko mu cheni."

"We kinga, muambie aivue!"

"We kinga, mbele ya bantu bote hawa?"

Hapo mzee akapiga kelele iliyotikisa matete yaliyobaki. "Na we kinga, ambia bote babili baniletee manguo!"

Majirani waliangua kicheko. Na katikati ya kicheko kile nilisikia sauti moja ninayoijua. Albertine. Alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko goti lililochubuka, nawaambia ukweli. Nilisema moyoni, basi, yamekwisha.

Lakini mzee hakuweza kukaa vile. Nikavua koti langu jeupe nikiwa nimelala, nikalirusha nyuma juu ya kichwa bila kutazama. Likaangukia ndani ya ndoo. Mzee akaguna, akalikamua, akajifunga kiunoni, mikono ya koti akaifunga fundo kwa mbele. (Pasi ya saa nzima!)

Na ndipo mjomba Stanislas alipofika. Saa kumi kamili. Alituona: mimi nimebaki na shati tupu, nimefungwa kwenye baiskeli, na baba mkwe amevaa koti langu mahali ambapo koti halivaliwi. Mtu mwingine angerudi kwao. Mjomba yeye hotuba alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima, na hakuwa tayari kuipoteza. Akavua kofia, akakohoa.

"Baba, tunakuya kwenu na heshima. Tunakuya kuonyesha mutoto yetu. Ni mutoto wa adabu, mutoto mutulivu, si muntu wa mbio..."

"Ngoja hapo," mzee akasema.

Mjomba akaikata hotuba. Mzee akanigeukia, nami nikaendelea kutazama tope.

"Donatien. Bibi yangu, mama Albertine, alikuwa mu njia?"

"Alikuwa, baba."

"Kengele iko?"

"Iko, baba."

"Sasa juu ya nini haukupiga? Angeondoka."

"Baba, nikipiga, mama angeniangalia."

Nilihesabu matone yaliyodondoka kutoka kwenye koti. Halafu nikasikia kitu kinachemka kifuani mwa mzee, nikadhani ni hasira. Kumbe ni kicheko! Alicheka mpaka akalazimika kushika fundo la koti kwa mikono miwili.

"Mama Albertine, unasikia?" aliita. "Bachumba babili balikuya hapa, mumoja akashindwa na kofia, mwingine na nyama. Huyu anakubali kuvunja shingo na bafu yangu, juu ya kukuheshimu weye. Nitapata wapi mukwe mwingine kama huyu?"

Mama hakunijibu mimi. Alimwambia baiskeli, taratibu, "We kinga, muambie kesho aweke dawa ku goti."

Ndiyo hivyo, nimekubaliwa! Faini nimepewa: kuku wawili wa kuondoa haya, ukuta wa matete nianze kuusimamisha Jumamosi mbele ya mtaa mzima, na nguo za mzee nizifue na kuzipiga pasi kwa mkono wangu. Mjomba alimaliza hotuba yake yote, hakuruka neno. Albertine alinipitishia kitambaa cha kufutia uso kwa mkono wa mdogo wake, na kitambaa chenyewe kilikuwa kinatetemeka, maana mdogo naye alikuwa anacheka kama dada yake huko ndani.

Arusi ni baada ya mavuno. Mtakuja wote, nawategemea. Baba mkwe mtamsalimu vizuri, ni mtu mzima mwenye heshima zake, na atawanyoshea mkono akiwa amevaa suti kamili na kofia. Nawaomba mjikaze, mtazameni usoni, asicheke mtu. Mimi mwenzenu siwezi tena. Kila nikimwangalia, naona povu.