Treni ya Maji Kijijini Kwetu

Jumatatu, 11 Novemba 1974

Siku njema kabisa! Kaja mtaalamu wa maji, Mzungu mrefu, Kiswahili chake hakivuki "jambo". Mzee Mayala, mwenyekiti wetu, akauliza nani anajua Kiingereza. Nikasimama. Miaka yote ile nimewanyoa Waingereza Tabora mjini. Nywele zao zimepita mikononi mwangu, lugha yao ingepitia wapi? Ambrosi, mrina asali, akaguna. Agune. Jumapili ya wiki ijayo kijiji kinachagua katibu: mimi au yeye.

Mtaalamu kakagua nyumba zetu, kanyoosha mkono bondeni, kasema kabla ya mvua lazima tupate "dreni". Wazungu wengine ulimi mzito. Nikatafsiri: lazima tupate treni. Vigelegele! Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, tunaisikia honi yake tu kutoka Kigwa.

Jumanne, 12 Novemba

Ambrosi kauliza mbele ya watu, treni ya nini na stesheni ipo Kigwa? Nikamgeukia mtaalamu: "Dreni wota?" Akafurahi sana. Wota, wota! Nikawaeleza: treni ya maji. Kina mama nusura wanibebe.

Jioni mgeni akajifuta jasho, akasema hata yeye mwenyewe ni "dreni". Nikafafanua kwamba alikuja kwa treni. Kapiga mstari wa chokaa upande wa chini wa nyumba, kaenda zake Tabora. Atarudi kukagua.

Alhamisi, 14 Novemba

Kazi ya pamoja. Msimamizi ni mimi. Ambrosi anadai mstari ule ni wa kuchimba. Nikamuuliza kaona wapi treni ikipita shimoni. Reli hupita juu ya tuta! Watu wakaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni yeye. Tuta limefika kiunoni, limeshindiliwa sawasawa.

Mwanajuma, mke wangu, kaniuliza, Baba Swaumu, una hakika? Nikamwambia azoee kuitwa mke wa katibu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua! Maji yalishuka zake, yakafika kwenye tuta, yakasimama. Kisha yakarudi kutusalimia. Kwa Mzee Mayala yameingia bila hodi. Unga wa watu umekuwa uji. Ambrosi kashika jembe, kalikata tuta, maji yakakimbilia bondeni.

Mtaalamu akatokea. Alipouona ule mkato akamkumbatia Ambrosi, matope na yote, akipiga kelele: dreni! dreni! Nikatafsiri kwamba treni imeharibika. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu Koleta wa shule yetu naye karudi kutoka semina leo hii hii, kwa nini asingekawia? Kasema mbele ya umati kwamba neno hilo ni mtaro wa kutolea maji, na mtu akisema yeye ndiye "dreni", basi amechoka hoi. Watu wote wakanigeukia. Mwanajuma anaanika unga wetu, kanipa mgongo. Afadhali angenifokea, moyo ungepoa.

Jumapili, 24 Novemba

Katibu ni Ambrosi. Waliponitaja mimi, mkono uliokuwa juu ni wangu tu. Mwanajuma anasema mikono yake yote miwili ilikuwa imembeba mtoto. Nimeumia, sifichi.

Lakini Mungu hamtupi mja wake! Baada ya mkutano nilimkuta mtaalamu kijitoni na Ambrosi. Mgeni anakanyagakanyaga ukingo wa kijito uliomomonyolewa na mvua, anarudia neno moja, uso umemkunjamana: "benki", "benki", lazima ijengwe upesi. Ambrosi katoa macho tu, hakuambulia kitu. Mimi sikuhitaji Koleta.

Benki! Kando ya kijito chetu! Nimekwisha kuwatangazia majirani wote. Ambrosi abaki na ukatibu wake. Nimemwambia Mwanajuma anipigie pasi kanzu nyeupe, kesho naenda kuomba umeneja kabla hawajamleta mtu asiyejua Kiingereza.